Halmashauri na unene uliopitiliza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja unene mbele ya watu, macho yote huenda kwenye sahani ya mtu. Ukurasa huu unaangalia kwingine: dawati la leseni, ofisi ya mipango miji, bajeti ya shule, mkataba wa mabango. Tunaposema "halmashauri" tuna maana ya serikali yoyote ya karibu na mwananchi, iwe inaitwa manispaa, jiji, wilaya au kaunti.

Mtu huhesabiwa kuwa na unene uliopitiliza akifika kilo ngapi?

Hakuna kilo maalumu, kwa sababu watu hawalingani urefu. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima akipata 25 au zaidi, uzito wake umezidi. Akifika 30, huo ni unene uliopitiliza, ambao wengine huuita kiribatumbo. Kwa mfano, mtu wa urefu wa mita 1.70 hufika 30 akiwa na kilo 87 hivi. Watoto hupimwa kwa chati za umri na jinsia, maana miili yao bado inakua.

Kipimo hiki kina kasoro. Hakitofautishi misuli na mafuta, hakijui kama mafuta yamekaa tumboni au mapajani, na kwa watu wenye asili ya Asia hatari ya kisukari huanza kwenye namba za chini zaidi. Daktari mwenye mgonjwa mmoja mbele yake asikitegemee peke yake. Lakini kwa ofisi inayotaka kujua ni kata ipi imeelemewa, kinatosha kabisa: kinataka mizani, rula ya kupimia urefu, na mtu makini wa kuandika.

Kwani kunenepa si shauri la mtu mwenyewe?

Mtu ana sehemu yake, na kurithi pia kuna sehemu yake. Lakini tazama hesabu za Shirika la Afya Duniani. Tangu 1990 hadi 2022, unene uliopitiliza kwa watu wazima umezidi maradufu duniani, na kwa watoto wakubwa na vijana umeongezeka mara 4. Kufikia 2022, mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa nao. Sasa, je, binadamu wa mabara yote wamekubaliana kuwa wavivu na walafi kwa pamoja, ndani ya miaka 30? Na vinasaba havibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni mazingira.

Mfuate mtoto mmoja anayetoka shule mchana. Ana kiu. Bomba la shule lipo, ila liko ubavuni mwa choo na koki yake imelegea, kwa hiyo halitumii. Nje ya geti, hatua 20 tu, kuna kibanda chenye soda baridi. Juu ya kibanda kuna bango la soda hiyohiyo, lenye picha ya mchezaji anayempenda. Barabara ya kwenda nyumbani haina njia ya miguu, magari yanapita yakimgusa begi, kwa hiyo mzazi ameamua kumlipia usafiri. Akifika, uwanja uliokuwa wa kuchezea umezungushiwa ua na kuna msingi wa jengo unachimbwa.

Bomba, kibanda, bango, barabara, uwanja. Kila kimoja kati ya hivyo vitano kina faili mahali fulani, na mara nyingi faili hilo lina sahihi ya ofisa wa halmashauri. Mtoto yule alichagua soda, ni kweli. Lakini aliyempangia vya kuchagua ni mtu mwingine.

Si hii ni kazi ya wizara ya afya na hospitali?

Wizara ina silaha zake: kodi ya taifa, alama za onyo kwenye pakiti, viwango vya chumvi na sukari viwandani. Hospitali humpokea mtu akiwa tayari ana kisukari au shinikizo la damu. Lakini wizara haijui kwamba bomba la shule fulani lina koki mbovu, na hospitali haina ubavu wa kuzuia uwanja usiuzwe.

Uingereza, kwa upande wa England, ililikubali jambo hili kisheria: tarehe 1 Aprili 2013 sehemu kubwa ya kazi za afya ya jamii ilitolewa kwenye mfumo wa hospitali na kukabidhiwa halmashauri, kila moja ikiwa na mkurugenzi wake wa afya ya jamii. Hoja ilikuwa kwamba mtaalamu wa kinga akae jengo moja na watu wa mipango, elimu na barabara. Kukaa jengo moja, bila shaka, si kusikilizana. Ofisa afya asiyealikwa kwenye kikao cha vibali vya ujenzi amehamishiwa kiti tu.

Halmashauri ina mamlaka gani hasa?

Inategemea sheria za nchi, ila kwa kawaida ina zaidi ya inavyodhani. Hutoa vibali vya ujenzi na leseni za biashara. Husimamia shule au angalau majengo yake. Humiliki vituo vya mabasi, kuta na nguzo ambazo watu hulipia kuweka matangazo. Hutunza barabara za mitaa, bustani, viwanja na masoko. Huendesha kliniki za mama na mtoto, ambako kinga huanza mapema kuliko watu wanavyofikiri: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza ndiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na mama anahitaji msaada wa kunyonyesha wiki ile mtoto anapokataa kunyonya, siyo kwenye semina ya mwaka ujao. Tena halmashauri yenyewe hununua chakula, kwa ajili ya shule, vituo vya kulelea watoto na vikao vyake. Mnunuzi mkubwa akibadilisha masharti ya zabuni, wauzaji hubadilika.

Tahadhari moja: hakikisha anayetunga kanuni ana mamlaka ya kuitunga. Mwaka 2012 bodi ya afya ya jiji la New York, chini ya meya Michael Bloomberg, ilipitisha kanuni ya kuzuia migahawa kuuza vinywaji vyenye sukari kwenye vikombe vinavyozidi takriban nusu lita. Kampuni za vinywaji zilikwenda mahakamani. Kanuni ikasimamishwa siku moja kabla ya kuanza kutumika mwaka 2013, na mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikasema bodi ilivuka mipaka yake: jambo kama hilo lilikuwa la baraza la jiji. Ubaya au uzuri wa kikombe kikubwa haukuwa ndio uliozungumzwa. Mwiteni mwanasheria wa halmashauri mapema, hata kama anawachosha.

Kuzuia migahawa ya vyakula vya haraka karibu na shule kunasaidia?

Kunaweza, ikiwa kanuni ina meno na ikiwa hamtarajii miujiza. Mpango mkuu wa jiji la London wa mwaka 2021 unazuia migahawa mipya ya chakula moto cha kubeba kufunguliwa ndani ya mita 400 kutoka shule. Umbali huo ni mwendo wa dakika 5 hivi kwa miguu, yaani umbali ambao mtoto mwenye njaa ataukubali.

Neno la kuangaliwa hapo ni "mipya". Mwaka 2008 Los Angeles ilizuia migahawa mipya ya vyakula vya haraka upande wa kusini mwa jiji. Watafiti waliporudi kuangalia miaka kadhaa baadaye, unene ulikuwa umeendelea kupanda huko kama kwingine. Sababu haikujificha: kanuni iligusa migahawa inayosimama kwenye jengo lake peke yake, wakati iliyo ndani ya majengo ya maduka mengi iliruhusiwa, na ile ya zamani ilibaki ilipo. Ukifunga dirisha moja katika nyumba yenye madirisha kumi, mbu wataingia kwa yale tisa.

Kanuni ya namna hii ni ya kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Faida yake ni kubwa zaidi kwenye mji unaokua, ambako nusu ya mitaa haijajengwa bado.

Na matangazo? Halmashauri inaweza kuyagusa?

Televisheni na mitandao, hapana. Lakini mabango yaliyo kwenye mali yake ni yake, na mkataba ni mkataba. Mfano unaotajwa zaidi ni wa London tena: Februari 2019, mamlaka ya usafiri wa jiji ilipiga marufuku matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye treni, mabasi na vituo vyake. Watafiti waliolinganisha manunuzi ya familia walikadiria kwamba kila kaya ilinunua takriban kalori 1,000 pungufu kwa wiki kutoka kwenye vyakula hivyo, kulingana na ambavyo ingenunua bila marufuku.

Swali la kwanza la mweka hazina huwa ni mapato. Kule, kampuni hazikufukuzwa. Ziliruhusiwa kutangaza bidhaa zao zisizo na madhara hayo, na nafasi za mabango ziliendelea kuuzwa. Mimi nikiulizwa halmashauri isiyo na fedha ianze na nini, hili liko juu kabisa kwenye orodha, kwa sababu gharama yake ni aya mbili kwenye mkataba unaofuata.

Mji mmoja unaweza kutoza kodi yake kwenye soda?

Pale sheria inaporuhusu, ndiyo. Berkeley, mji wa California, ulikuwa wa kwanza Marekani: wapiga kura waliipitisha Novemba 2014. Philadelphia ilifuata Januari 2017, senti 1.5 za dola kwa kila aunsi (mililita 30 hivi). Huko mauzo ya vinywaji vilivyotozwa yalishuka kwa asilimia 51 kwenye maduka makubwa ya ndani ya jiji. Ila baadhi ya watu walivuka mpaka kwenda kununua ng'ambo, na ukiwahesabu hao, punguzo halisi lilikuwa asilimia 38. Hiyo bado ni nyingi mno. Na fedha zilizopatikana zilipelekwa sehemu kubwa kwenye elimu ya awali ya watoto, jambo lililowapa wazazi sababu ya kuitetea kodi.

Sehemu chungu: mwaka 2018, bunge la jimbo la California lilizuia miji mingine kuanzisha kodi mpya za namna hiyo hadi mwisho wa 2030. Mji ulionyesha njia, na wengine waliotaka kuifuata wakafungiwa kwa miaka kadhaa. Kodi ya mji mmoja ni ya kuanzishia mjadala. Kodi ya taifa ndiyo inayowalazimisha wenye viwanda kupunguza sukari kwenye mapishi yenyewe.

Shuleni tuanze na nini?

Maji. Najua si jibu la kusisimua. Mwaka wa shule 2006–2007, watafiti wa Ujerumani waliweka mabomba ya maji ya kunywa kwenye shule za msingi za mitaa ya kipato cha chini katika miji ya Dortmund na Essen, wakawapa watoto chupa na vipindi vichache vya masomo kuhusu maji. Shule 32 zilishiriki, baadhi zikipata mabomba na nyingine zikiwa za kulinganishia. Mwisho wa mwaka, hatari ya watoto kuwa na uzito uliozidi ilikuwa pungufu kwa asilimia 31 kwenye shule zenye mabomba. Cha ajabu, watoto walisema wanakunywa maji zaidi, lakini hawakuripoti kupunguza soda wala juisi. Kwa hiyo namna hasa bomba lilivyofanya kazi haijakaa wazi, na mtu asikuuzie bomba kama dawa. Hata hivyo, hata lisipomkondesha mtoto yeyote, shule yenye maji safi ya kunywa haijapoteza kitu.

Baada ya maji, chakula. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua moja kwa moja kwa wakulima wadogo wa familia. Ununuzi wenyewe hufanywa na serikali za majimbo na za miji. Diwani anayehangaika na wakulima wasio na soko na diwani anayehangaika na afya ya watoto wanajikuta wanapigia kura kitu kimoja, na kwenye siasa za mitaa hilo halitokei kila siku.

Kuwapima watoto uzito shuleni si kuwaaibisha?

Ni kuwaaibisha, kukifanywa vibaya. Mtoto akipandishwa kwenye mizani mbele ya darasa, namba ikasomwa kwa sauti, atalikumbuka hilo maisha yake yote, na kicheko cha wenzake hakijawahi kumpunguzia mtu kilo. Pima mtoto mmoja mmoja, ndani ya chumba, mizani ikiwa imegeuziwa mpimaji. Mzazi aombwe ridhaa au apewe nafasi ya kukataa, kadiri sheria inavyosema. Barua inayokwenda nyumbani isianze na neno "mnene". Na kama hakuna huduma yoyote ya kumpeleka mtoto baada ya barua, fikiria mara mbili kabla ya kuituma.

Lakini kutopima kabisa nako kuna gharama. England hupima watoto wanapoanza shule na tena wanapokaribia kumaliza msingi, na kutokana na hesabu hizo inajulikana kwamba mtoto 1 hivi kati ya 10 ana unene uliopitiliza anapoanza, na zaidi ya 1 kati ya 5 anapomaliza. Inajulikana pia kwamba kwenye mitaa maskini zaidi kiwango ni zaidi ya mara mbili ya kile cha mitaa yenye nafuu. Bila mizani, fedha za kinga zingekwenda kwenye mitaa inayopiga kelele zaidi, ambayo kwa kawaida siyo yenye shida zaidi.

Sisi bado tuna watoto waliodumaa. Unene unatuhusu?

Unawahusu watoto haohao. Mtoto aliyedumaa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kunenepa baadaye pale vyakula vya bei rahisi vyenye sukari na mafuta vinapofika mtaani. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye uzito uliozidi na mtoto aliyepungukiwa damu, wote wakila chungu kimoja. Mwaka 2024 watoto milioni 35 wa chini ya miaka 5 duniani walikuwa na uzito uliozidi. Msianzishe kitengo kipya. Waongezeeni kazi na posho wale wa lishe mlio nao.

Tukijenga uwanja wa michezo, si itatosha?

Uwanja ni mzuri, lakini hautafuta soda. Mazoezi yanalinda moyo, sukari ya damu na akili hata kama uzito haukupungua, na watu wazima wanashauriwa kupata dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, watoto dakika 60 kwa siku. Kupunguza uzito kwa mazoezi peke yake, hata hivyo, ni kupanda mlima kwa magoti.

Tena kinachowatembeza watu wengi ni barabara, uwanja huwapata wachache. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu 1974 hufunga baadhi ya barabara kuu zake kwa magari na kuwaachia watu. Leo ni zaidi ya kilomita 100 kila Jumapili na sikukuu, asubuhi hadi saa 8 mchana. Hawakujenga kitu. Waliweka vizuizi na watu wa kuvisimamia.

Kampuni ya vinywaji inataka kudhamini michezo ya shule. Tukubali?

Hapana. Mnajua inachonunua.

Siku hizi kuna dawa za kupunguza uzito. Kinga ya nini tena?

Dawa kama semaglutaidi, ya sindano ya kila wiki, zimewasaidia watu wengi kweli, na ofisa afya anayezidharau anakosea. Lakini katika utafiti mmoja mkubwa, watu walioacha kuitumia walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Walirudi kwenye mtaa uleule. Na hakuna halmashauri itakayomchoma sindano kila wiki kila mkazi wake.

Wafanyabiashara wadogo hawataumia?

Wataumia mkiwashtukiza. Mama mwenye kibanda nje ya geti hana ugomvi na afya ya watoto. Ana kodi ya nyumba. Anauza kinacholetwa mlangoni kwa mkopo, na msambazaji wa soda humpa hata friji bure. Halmashauri ikimnyang'anya leseni tu, itakuwa imempiga aliye chini kabisa kwenye mnyororo. Mpeni muda, mpeni eneo, msaidieni apate maji na matunda kwa masharti yanayofanana na yale anayopewa na kampuni. Ugumu wa kanuni uelekezwe kwa mwenye matawi kumi.

Kuna mji wowote uliofanikiwa?

Amsterdam, Uholanzi, hutajwa sana. Jiji lilianza mpango wa muda mrefu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na uzito uliozidi kwa watoto ulishuka kutoka asilimia 21 mwaka 2012 hadi 18.5 mwaka 2015. Hakukuwa na mji wa kulinganishia, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba ni mpango huo uliofanya yote. Ninachokipenda pale ni jinsi kazi ilivyogawanywa: kila idara ilipewa sehemu yake, shule zikahimizwa maji badala ya juisi, maji ya kunywa yakawekwa barabarani, jiji likakataa udhamini wa kampuni za vyakula vya haraka kwenye matukio ya michezo. Na usingizi wa watoto uliwekwa sambamba na chakula na mazoezi, jambo ambalo wengi husahau.

Hatuna fedha. Tuanzie wapi wiki hii?

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kujadili magonjwa yasiyoambukiza, wajumbe kama 20, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na chupa ya soda iliyolipiwa na ofisi. Hakuna aliyecheka. Nadhani hakuna hata aliyeiona.

Anzieni hapo: waraka wa mkurugenzi, nusu ukurasa, unaosema vikao vyote vitatumia maji. Kisha mwambie ofisa afya aombe nakala tatu: mkataba wa mabango na tarehe unapoisha, orodha ya leseni za biashara zilizo karibu na mageti ya shule, na ripoti ya mwisho ya mabomba ya shule. Atazungushwa kidogo, ataambiwa faili liko kwa fulani. Arudi tena Jumatatu.